Nyoka Ndani, Baridi Nje: Mjomba Anajibu Barua Zenu

Mwezi huu barua za nyoka zimeshinda za paka na kasuku, na sababu naijua: baridi imeingia, wenye nyoka wamepata wasiwasi. Kwa msomaji mgeni, mimi ni mtu wa Pangani, na riziki yangu naipata kwenye duka la wanyama watambaao hapa Birmingham. Nauza, natengeneza makabati yao, na mara nyingi kuliko ninavyopenda napokea nyoka waliochokwa na wenyewe. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa imebeba makosa yote ninayoyaona dukani kila wiki.

*Mjomba, shikamoo. Niko Leicester. Mwanangu wa miaka 15 amepewa chatu na rafiki yake aliyekwenda chuoni. Ni dume, urefu kama mita moja, ana mabaka ya kahawia na meusi. Anakaa kwenye tangi la kioo lenye wavu juu. Chini yake kuna mkeka wa umeme uliochomekwa ukutani moja kwa moja, na ubavuni kumebandikwa kipimajoto, kinasoma 27. Hajala tangu Novemba. Siku hizi kutwa kajikunja ndani ya bakuli la maji. Mwanangu anasema ni kawaida, mimi naona anakufa. Halafu mama mkwe anakuja kutoka Tanga mwezi wa tatu, ameshasema hakanyagi nyumba yenye joka. Nifanyeje? Na umeme utanigharimu kiasi gani? — Mama wa Leicester*

Marahaba, mama. Tuanze na usiku huu huu, mama mkwe tutamfikia.

Mtoe nyoka, mweke kwenye boksi la plastiki lenye matundu na kifuniko cha kubana. Sasa fukua matandazo upande wenye mkeka, weka kiganja juu ya kioo kitupu. Kama huwezi kukiacha pale ukahesabu mpaka kumi, chomoa mkeka sasa hivi na upashe joto chumba kizima mpaka kesho. Mkeka usiodhibitiwa, ukifunikwa na matandazo, hupita nyuzi 40 bila taabu. Nyoka naye ana tabia mbaya: anaweza kulala juu ya kitu kinachomchoma tumbo asihame. Nimeshapokea wenye malengelenge toka shingoni hadi karibu na mkia, na wenyewe wanaapa kipimajoto kilikuwa kinasoma vizuri. Kilikuwa kinasoma vizuri kweli. Kile cha kubandika kinapima kioo cha ubavuni, na nyoka halali kwenye kioo cha ubavuni. Kitupe. Nunua cha kidijitali chenye waya na kihisio mwishoni, viwili, kimoja kwa kila upande wa tangi.

Kuhusu bakuli, chatu hajikunji majini kutwa kwa kupenda kuoga. Ama sakafu inamchoma, ama hewa ni kavu na anakaribia kujivua gamba, ama hana pa kujificha na bakuli ndilo lenye kuta, ama ana utitiri. Hili la mwisho lipime leo: mpitishe mkononi juu ya karatasi nyeupe ya jikoni, kisha tazama karatasi, tazama maji ya bakuli, na tazama mkunjo ulio chini ya kidevu. Ukiona vidoa vyeusi vinavyotembea, ni utitiri. Hapo matandazo yote yanatupwa, tangi linaoshwa, na dawa unampatia daktari wa wanyama anayejua watambaao. Usipuliziepulizie dawa ya mbu humo ndani.

Kwa jinsi ulivyomweleza, huyo ni chatu wa kifalme, *Python regius*. Si yule chatu wetu wa kumeza mbuzi. Huyu kwao ni Afrika Magharibi na Kati, toka Senegal mpaka kaskazini-magharibi mwa Uganda, na wengi walio Ulaya asili yao ni Ghana, Togo na Benin. Dume akikua sana hufika mita moja na kidogo, jike mita moja na nusu hivi. Anaishi miaka 20 hadi 30 akitunzwa, kwa hiyo mwanao atakapooa huyu bado atakuwepo. Mwulize kama hilo analijua.

Huko kwao mchana anaushinda ndani ya mashimo ya panya na ndani ya vichuguu. Wewe ni mtu wa kwetu, kichuguu unakijua: ndani mna giza, pamebana, pana joto lisiloyumba, na hewa ina unyevu hata nje pakikauka. Tangi la kioo lenye wavu juu ni kinyume cha kila kimoja kati ya hivyo. Mwanga unaingia pande nne, joto na unyevu vinatokea juu, na nyumba za Uingereza zinazimwa boila usiku mpaka chumba kinafika nyuzi 16. Mkeka hauwezi kupambana na hilo. Mkeka unapasha kile kinachougusa, hewa hauipashi. Nyoka wako tumbo linaungua na mapafu yanavuta baridi, kwa wakati mmoja.

Anachohitaji ni pande mbili. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Analifuata akilitaka na kulikimbia likimzidi, na kazi yako ni kumwekea yote mawili ndani ya kuta hizo hizo. Upande wa moto, pale anapolala chini ya taa, pawe nyuzi 31 hadi 33. Upande wa baridi 24 hadi 26. Usiku kote kunaweza kushuka, ila pasiende chini ya 24. Unyevu uwe asilimia 55 hadi 70. Ukimwekea nyuzi 30 kila kona umemnyima pa kukimbilia, na hili ndilo kosa la watu wenye huruma. Mwenye uvivu naye hukosea kwa kumweka kwenye 25 kila kona, nyoka akala, chakula kikashindwa kusagika, akakitapika siku ya tatu kikiwa kimeoza. Harufu yake sikuombei.

Sasa themostati. Mama, hii inunuliwe kabla ya kitu kingine chochote. Dukani wanaitaja mwisho kwa sababu mteja akisikia bei anaahirisha. Pasi yako ya nguo inayo ndani yake, ndiyo maana haikuunguzii mashati: ikifika joto ulilochagua inajikata, ikipoa inajiwasha. Chombo cha kupasha nyoka hakina hiyo kitu ndani, lazima uiongeze nje. Ziko za aina tatu, na muuzaji akikuuzia yoyote iliyo karibu na mkono wake amekupotezea pesa. Kwa mkeka, ile ya kuwasha na kuzima tu inatosha. Kwa kipashio cha kauri, kile kisichotoa mwanga, chukua inayotoa umeme kwa midundo. Kwa balbu ya halojeni chukua inayopunguza mwanga polepole, vinginevyo balbu itawaka na kuzimika kama ya disko mpaka ikatike.

Kihisio cha themostati kikae pale pale nyoka anapopata joto, kwa halojeni pembeni kidogo ya duara la mwanga, kikiwa kimeshikizwa ukutani kwa kibanio cha plastiki. Usitumie utepe wa gundi ndani ya nyumba ya nyoka, hata kipande. Nimekaa sakafuni dukani na mafuta ya kupikia na pamba, namtoa mtoto wa chatu kwenye utepe uliobanduka kwenye waya, gamba moja baada ya jingine, na yale ya tumboni yanang'oka. Kama lazima ubandike, bandika nje.

Nyumba yenyewe. Kwa chatu mzima mimi nauza kabati la sentimita 120 kwa 60 kwa 60, na siwezi kukwambia chini ya hapo, maana anatakiwa aweze kujinyoosha. La mbao lenye vioo vya kuteleza mbele linashika joto vizuri sana, la plastiki ngumu linashika unyevu zaidi. La mbao, viungo vyote vya ndani vipakwe silikoni ya matangi ya samaki, liachwe wazi siku kadhaa harufu iishe. Kwa sasa, kama mfuko haujakaa sawa, tangi hilo linaweza kuvushwa majira ya baridi: funika pande tatu kwa karatasi nyeusi kwa nje, na juu ya wavu laza ubao au plastiki ngumu, ukiacha theluthi moja upande wa taa. Utaona unyevu unapanda siku hiyo hiyo.

Ndani weka balbu ya halojeni ya mchana upande wa moto, saa 12, kwa taima. Usiku kipashio cha kauri kishike zamu. Soketi ya kipashio iwe ya kauri pia, ya plastiki itayeyuka. Na chochote cha moto kilicho ndani ya kabati kivishwe kizimba cha waya, kwa kuwa chatu atakikumbatia, ndiyo starehe yake. Balbu nyekundu za usiku achana nazo. Nyoka anahitaji giza, na hizo humpa mwanga wa gesti.

Maficho mawili, mama, moja kila upande, yanayofanana, yenye mlango mdogo, yanayombana mgongoni. Ukimwekea moja tu upande wa moto atachagua usalama aache ubaridi, akae humo anaiva. Vyungu vya maua vilivyokatwa mlango vinafaa, mradi ukingo usugue kwa msasa. Matandazo: makumbi ya nazi yaliyosagwa. Hapa yanauzwa kama matofali yaliyokaushwa, unalowanisha kwenye ndoo, yanafumuka, na nyumba inanukia kama uani Pangani baada ya mvua. Weka unene wa sentimita saba au nane, na kila unyevu ukishuka mimina maji pembezoni yashuke chini, juu pabaki pakavu. Vumbi la mbao za msonobari na mwerezi usitumie, mafuta yake yanamdhuru.

Washa kila kitu nyoka akiwa nje, siku mbili tatu. Mwanao aandike vipimo asubuhi, jioni, na mara moja saa nane za usiku akiamka kwenda haja. Vikitulia ndipo mwingizeni, kisha msimguse wiki nzima. Hata kumchungulia msizidishe.

Kula je? Dume la kifalme kukataa chakula miezi ya baridi si ajabu, mwanao hapo hajakosea. Alichokosea ni kutompima. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, ndani ya bakuli lenye kifuniko. Akishuka zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, au ukimwona anafungua mdomo kuvuta pumzi, anatoa povu, au ana mlio kama filimbi iliyoziba, hilo ni la daktari, tena siku hiyo hiyo. Baridi na maji vikikaa pamoja hushambulia mapafu. Akiwa mzima, baada ya ile wiki mpe panya aliyegandishwa, ayeyuke kwenye friji, kisha mchovye kwenye maji ya moto ndani ya mfuko mpaka kichwa chake kiwe na joto la mnyama hai, umsogeze kwa koleo jioni taa ikiwa imezimika. Akikataa, ondoa na usijaribu tena kwa siku kumi.

Umeme: halojeni ya wati 80 kwa saa 12 haifiki uniti moja. Kauri ya wati 100 usiku, kwa kuwa themostati inaikata karibu nusu ya muda, ni kama uniti 0.6. Jumla uniti moja na nusu kwa siku, ukikadiria kwa ubaya. Zidisha na bei iliyo kwenye bili yako, kisha mpe kijana jibu alipe kwa kuosha vyombo.

Mama mkwe ana haki yake, na wala usimshike mkono kumlazimisha amguse. Kabati likae chumba cha kijana, liwe na kufuli la kioo, ufunguo uwe kwako, na mbele kuna pazia. Waambie wote ndani kuosha mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika nyoka au bakuli lake, kwa sababu watambaao hubeba salmonela, na wazee, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano ndio inaowaumiza. Bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la jikoni. Na kama bibi anapenda hadithi, msimulie kuwa mjini Ouidah, Benin, lipo hekalu la chatu hawa hawa, na wakitoroka wakaingia nyumbani mwa mtu hubebwa kwa adabu na kurudishwa. Hatakubali kukaa naye chumba kimoja, ila angalau atakuwa na la kuwapelekea wenzake Tanga.

*Mjomba, dukani Brussels wameniuzia jiwe la umeme, linachomekwa na nyoka analala juu yake. Wamesema ndilo la asili zaidi. Ni kweli? — Mkongomani wa Brussels*

Si kweli. Rudisha, na kama hawarudishi pesa, litupe. Hayo mawe hupata moto sehemu moja na sehemu nyingine hubaki baridi, ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya majeraha ya moto tunayoyaona, na ukubwa wake ni mdogo hata kwa nusu ya nyoka. Jiwe la kawaida, la bapa, chini ya balbu iliyo na themostati, litampa joto lile lile na halina waya.

*Assalaam alaykum Mjomba. Miye niko Muscat. Nimerithi chatu wa kifalme kwa jirani aliyehama. Joto la huku unalijua, mwezi wa sita nje ni 40 na zaidi. Kuna haja gani ya taa na vipashio? Nikimweka roshani si atakuwa kama kwao? — Bi. wa Muscat*

Waalaykum salaam bibie. Roshani usithubutu. Kioo kikipigwa na jua moja kwa moja kinageuka tanuri, hata siku ambayo wewe unaona si kali, na nyoka aliyemo hana pa kwenda. Watu hufikiri nyoka wa Afrika havunjwi na joto. Huyu joto la 35 likimkalia pande zote kwa muda limemtosha, na 40 humuua. Huko kwao jua likiwaka yumo shimoni.

Lakini swali lako la pili lina jibu geni kidogo: kipashio unakihitaji, na sababu ni kiyoyozi. Najua nyumba za Muscat, nina ndugu Al Khuwair. Ukitoka nje unayeyuka, ukiingia ndani unatafuta shali. Kama chumba kimewekwa 22, chatu wako ana baridi ile ile aliyonayo mwenzake wa Leicester, na tena kiyoyozi kinakausha hewa. Kwa hiyo kabati lake ni lile lile, balbu na themostati ile ile, maficho mawili, makumbi yenye unyevu. Tofauti ni kwamba wewe unapasha kiangazi ukipambana na kiyoyozi chako mwenyewe. Ukiweza, mtafutie chumba ambacho kiyoyozi kinakaa 25 au 26, hapo upande wa baridi umejipata bure na kinachobaki ni kona moja tu ya kupasha. Na hakikisha pumzi ya kiyoyozi haipigi kabati.

Jiandae kwa siku umeme utakapokatika Julai. Themostati haipoozi, inakata tu. Weka friza chupa mbili za maji yaliyoganda. Siku hiyo funga mapazia, zungushia chupa taulo, laza moja juu ya kabati upande wa baridi, na ukiona kipimajoto cha upande huo kimepita 33, mhamishie nyoka kwenye boksi na umpeleke popote penye baridi, hata kwenye gari lenye kiyoyozi, mradi upo naye. Jambo jingine, mwulize jirani kwa simu karatasi zake ziko wapi. Chatu wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na siku utakapotaka kuhama naye nchi utaulizwa vibali.

*Mjomba mambo! Niko Minneapolis, nina nyoka wa mahindi, jike, kabati zuri, themostati ipo. Shida yangu ni dhoruba za theluji. Mwaka jana umeme ulikatika usiku kucha, nikalala naye ndani ya jaketi. Mke wangu hajanisamehe. Kuna njia ya kiungwana? — Kijana wa Minneapolis*

Poa, kijana. Mke wako yuko sahihi, na nyoka ungemlalia.

Bahati yako umechagua vizuri. Nyoka wa mahindi ni mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani, baridi ya kiasi anaijua. Upande wa moto anataka 29 hadi 31, wa baridi 21 hadi 24, na usiku hata 19 haimsumbui. Saa chache za kukatika umeme, usifanye lolote zaidi ya kutupia mablanketi juu ya kabati na kuacha matundu ya hewa wazi. Kinachoua ni kumlisha siku ile. Ukisikia kwenye redio dhoruba inakuja, ahirisha chakula, na kama amekula jana, yeye ndiye wa kwanza kupashwa.

Ikiwa ndani kumeanza kushuka chini ya 15, mtie kwenye foronya ya mto, ifunge fundo, iweke ndani ya boksi la kubebea vinywaji baridi, lile la povu. Weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo nene, iwe upande mmoja tu, na kipimajoto chenye waya katikati. Ukipata 24 hadi 26 humo umemaliza. Badilisha maji yanapopoa. Kifuniko kisibane kabisa. Zile pakiti za joto za kuweka kwenye glavu zina moto wa ghafla na zinakula hewa ya boksi, ziache nje.

Na hili sikuandikii kwa ajili ya nyoka: usiingize jiko la mkaa wala la gesi la kambini ndani ya nyumba. Kila majira ya baridi wanakufa watu wetu ughaibuni kwa moshi usioonekana wa mkaa, wamefunga madirisha wakiota moto. Jenereta nayo ikae nje, mbali na dirisha.

Umesema kabati ni zuri, sijui kufuli lake. Nyoka wa mahindi anapita popote kichwa kinapopita, na sehemu ya waya za umeme nyuma ya kabati ndiyo anayoipenda. Ijaze sponji mpaka penseli isipite.

*Hujambo Mjomba. Niko Nairobi, Karen. Mtu wa bustani amekamata nyoka mdogo, mweusi mweusi, kama futi moja na nusu, anasema hana sumu. Yuko kwenye ndoo yenye kifuniko. Watoto wanataka tumfuge. Tayari nimeagiza taa. Nianzie wapi? — Baba wa Karen*

Sijambo, baba. Anzia kwa kutofungua hiyo ndoo, na taa iagize usiagize haitakusaidia hapa.

Sheria kwanza: chini ya sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, nyoka wa porini si wa mtu kumchukua akamweka sebuleni. Kibali ni cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na wenye mashamba ya nyoka wanakipata kwa masharti. Tanzania nako, kwa wasomaji wa huko, sheria namba 5 ya mwaka 2009 inasema hivyo hivyo. Mimi hapa Birmingham nauza chatu wa kifalme bila mnunuzi kuhitaji leseni, lakini swila au kifutu akitaka lazima leseni ya wanyama hatari itolewe na halmashauri yake. Kila nchi na yake.

Hatari sasa. Maelezo yako, mdogo, mweusi, futi moja na nusu, kachimbuliwa bustanini, yananipa wasiwasi. Afrika Mashariki tunaye nyoka wa ardhini, *Atractaspis*, mweusi anayeng'aa, kichwa hakitofautiani na shingo, sura ya upole. Wakulima wengi humdhania hana sumu kwa sababu haonekani kung'ata. Meno yake yanachomoza pembeni ya mdomo hata ukiwa umefungwa, na anachoma kwa kupinda kichwa kando. Ukimshika nyuma ya kichwa, namna wanavyoshika wataalamu nyoka wengine, ndiyo unajichomesha. Wenye uzoefu wengi wamepoteza ncha za vidole kwake. Sisemi ndiye. Nasema kwa picha hata mimi ningesita, na mtu wa bustani amesema kwa kumtazama tu.

Weka jiwe juu ya kifuniko, ndoo ikae kivulini, watoto na mbwa wasisogee, upige simu KWS leo. Mtu wa bustani mkague vidole, umwulize taratibu kama alihisi kuchomwa, hata kidogo. Kama ndiyo, pete na saa zitoke mkononi, asichanjwe, asifungwe kamba, aende hospitali moja kwa moja.

Watoto wapeleke Jumamosi kwenye bustani ya nyoka iliyo kando ya makumbusho ya taifa, pale pale Nairobi. Mkienda Pwani likizo, Watamu kuna kituo cha nyoka cha Bio-Ken. Waangalie wanavyowaweka: nani kapewa mchanga, nani kapewa matawi, nani kajificha humuoni kabisa. Taa uliyoagiza, kama ina balbu ya kauri na soketi ya kauri, vifaranga vya kuku vitaifurahia Julai.